Hanga Namba Kumi na Nne

"…na siyo uongo ninaokuomba, dada Ghislaine, ni wiki moja tu," Léonard alikuwa anasema upande wa pili wa geti, na Ghislaine akamkatiza kwa mara ya tatu, "Wiki moja ya nini, Léonard, ya kunisahau tena?" na kutoka jikoni Félicité akadakia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine za kukaushia nywele, "Mudogo yangu, mwambie papa huyo saloni inafunguliwa saa tatu, kama iko anataka kitu aje tumusuke!" kisha akacheka peke yake, "Lakini tutamusuka nini, eish, kichwa yenyewe ni sahani," na Léonard akaupapasa upara wake bila kujua kwamba anaupapasa, mkono mmoja kichwani na mwingine umeshika ile karatasi ya dosari iliyokunjwa mara nne, na Ghislaine akaona kwamba hakuthubutu kuligusa geti, akafurahi, hakuificha nafsi yake kwamba alifurahi, alikuwa ameingoja furaha hii miaka kumi na tano na sasa ilikuwa imekuja yenyewe, Jumamosi asubuhi, imepanda ghorofa sita kwa miguu kwa sababu lifti ya jengo imekufa tangu Pasaka, imevaa shati la kazini, inahema, inasema dada, dada, dada… dada yake wa wapi, siku ile hakuwa dada wala jirani wala mtu wa kwao, siku ile alikuwa hewa. Alikuwa amefungua mlango lakini siyo geti, na hakuwa na nia ya kulifungua, alipenda kumwona hivi, amekatwa vipande na vyuma vya geti, kipande cha uso, kipande cha shingo, kipande cha karatasi, na upepo wa bandarini ukipita kwenye korido na kulitikisa geti lote kama vile nalo lilikuwa na hasira zake.

"Nipe wiki niyarudie mahesabu, ikithibitishwa Jumatatu itakuwa dosari ya tatu mwaka huu," Léonard alisema, "wananinyang'anya saini, unajua wewe," na Ghislaine alijua, nani angejua kuliko yeye, jengo lao kule Westville lina ghorofa tatu, wa ghorofa ya kwanza wanaandika mahesabu ya mabomba, wa ghorofa ya tatu wanayahakiki, na katikati kuna mkahawa ambapo hata kwenye foleni ya chai mtu wa juu hamwulizi mtu wa chini kazi inakwendaje, kwa sababu mabomba hayo si ya kumwagilia bustani, ni mabomba ya vinu vya nyuklia vya nchi za mbali ambazo hawaruhusiwi kuzitaja nje ya ofisi, na yeye, Ghislaine Ninahazwe, mhandisi mwandamizi wa mkazo, mhakiki, haonyeshwi mahesabu ya mwandishi, anapewa michoro tu, na uzito, na joto, kisha anajenga bomba lake mwenyewe ndani ya kompyuta kuanzia sifuri kana kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria, na majibu yakitofautiana mwandishi anapelekewa karatasi yenye jina la mhakiki na mstari mmoja, nini kimeshindwa, siyo kimeshindwaje, na mstari wa karatasi hii ya Léonard, kuhusu chuma kimoja cha kuning'inizia bomba, aliuandika kwa vidole vyake mwenyewe, hanga namba kumi na nne, jaribio la maji, uzito umepita kiwango, maneno machache kuliko yale ya kwenye kaburi. Mwandishi ana njia mbili, akikataa, mahesabu yote mawili yanafunguliwa Jumatatu juu ya meza kubwa mbele ya Steve, mkuu wao, akikubali, anasaini palepale chini ya mstari na jambo limefungwa, hakuna anayefungua chochote tena, na zikifika dosari tatu kwa mwaka saini yake inafutwa kwenye orodha, na mhandisi wa mkazo asiye na saini ni dereva aliyenyang'anywa leseni, anaweza kukaa ndani ya gari, basi, na kibali cha Léonard cha kuishi nchi hii kiliandikwa kwa ajili ya saini hiyo na si kwa ajili ya sura yake… "Nina miaka hamsini na nane," alikuwa anasema, "nitakwenda wapi na miaka hamsini na nane?" na Ghislaine akasikia swali hilo kama mtu anavyosikia redio ya jirani, kwa sababu lilikuwa swali lake, alilibeba yeye kwanza, nitakwenda wapi, alilibeba kutoka Westville mpaka mtaa huu wa Point, bandarini, kwa miguu, siku ambayo hakuwa na nauli ya taxi. Watu wanadhani mhandisi wa mkazo anatengeneza kitu, hatengenezi kitu, kazi yake ni kukaa mbele ya bomba ambalo halijazaliwa na kuliuliza, ukipata joto, ukijazwa, nchi ikitetemeka, utaumia wapi kwanza, na miaka yote hii, mchana ofisini akiyauliza mabomba, moyoni alikuwa anamwuliza Léonard Bizimana, utaumia wapi kwanza, na sasa alikuwa amejua, ni kwenye saini.

"Nilikosea siku ile," Léonard alisema, "nimekuja kusema hivyo pia," na Ghislaine akasema, "Siku ipi? Niambie wewe, mimi nimesahau," akitaka aitamke, lakini Léonard akatazama sakafu ya korido, na siku ile ikaja yenyewe bila kutamkwa, kiti cha plastiki nje ya chumba cha vioo, jengo hilohilo, gauni la kuazima kwa ajili ya usaili, viatu vya Félicité vinavyobana, diploma yake imebaki Bujumbura ndani ya nyumba ambayo haikuwa na paa tena, na yule mama wa ofisi alikuwa mwema, jamani, alikuwa mwema kabisa, alisema tunaweza kuanza bila karatasi kama yupo mtu hapa wa kusema anakufahamu, na moyo wa Ghislaine ukaruka kwa sababu mtu alikuwepo, jina lake alikuwa ameliona kwenye ubao wa mlangoni, Bizimana, yule msaidizi wa mhadhiri aliyesahihisha mitihani yake miaka mitatu mfululizo, aliyempa kumi na nane juu ya ishirini mbele ya wavulana arobaini na saba na kuwaambia huyu msichana anaona chuma kinapoumia, tena waliguna wale wavulana, akaitwa, akaja na kikombe cha chai mkononi, akasimama nyuma ya kioo, akamtazama, na hakumtazama haraka, hilo ndilo ambalo halikumtoka Ghislaine miaka yote, angemtazama haraka angesema labda hakuniona vizuri, alimtazama taratibu kama mtu anayesoma kipimo, kisha midomo ikacheza, maneno machache ya Kiingereza ambayo hakuhitaji kuyasikia, simfahamu huyu, na akatoka, akapita mbele ya kiti chake, na ile chai haikumwagika hata tone. "Niliogopa," Léonard alisema sasa kwenye geti, kwa sauti ndogo, "nilikuwa nimejiandika mhadhiri kwenye barua zangu, na wewe ulijua nilikuwa msaidizi tu, nikasema akiingia huyu siku moja atasema neno," na Ghislaine akasema, "Pole sana, Bwana Msaidizi," na jikoni Félicité akapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, "Vraiment! Kumbe woga ndiyo ilimukula? Mimi nilifikiri iko mgonjwa wa macho!"

Asingesema neno, hilo ndilo lilimchoma Ghislaine zaidi, asingesema kamwe, angemwita mhadhiri, angemwita profesa kama angetaka, angembebea mkoba, kwa sababu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani, meza yenye mchoro juu yake… badala yake akapata vichwa, miaka minane ya vichwa vya watu kwenye saloni ya Félicité hapa chini, Félicité aliyetoka Bukavu na aliyemwuliza swali moja tu siku ya kwanza pale saloni, unajua kusuka, akasema sijui, akasema utajua, keti, na akajua, vidole vikajifunza ngozi ya paji la uso inavumilia mvuto kiasi gani kabla haijaanza kuvimba, mkazo ni mkazo, na kuna siku wateja walilalamika, dada unanivuta kama tuna ugomvi, na alikuwa na ugomvi kweli, ila haukuwa na wao, kila kichwa alichokishika kwa nguvu mno kilikuwa kimoja, na hakikuwa na nywele. Halafu ule mtihani wa wazi wa penseli ambao Steve aliutangaza kwa yeyote, mwenye karatasi na asiye na karatasi, bomba lenye kona nne kwenye ukurasa, weka viegemeo unavyoona vinafaa, wengine wakauliza maswali, yeye akaweka, dakika arobaini, Steve akaitazama ile karatasi muda mrefu akauliza ulikuwa wapi miaka yote hii, na angeweza kumwonyesha kwa kidole, muulize yule wa ghorofa ya kwanza, lakini hakusema, akaanza chini kuliko hata vijana waliomaliza chuo juzi, akapanda, na kila ngazi aliyopanda hakujipongeza, alihesabu tu amebakiza ngapi kumfikia, na miaka saba hiyo yote Léonard alimsalimu kwenye lifti ya kazini kwa kichwa, hivi, kidevu chini kidogo, kama mtu anavyomsalimu mlinzi, kanuni ya kutozungumza ikamfaa sana yule mwanaume, ikamfunika kama blanketi… "Kwanza hata kuja hapa ni kosa," Ghislaine alisema, "mwandishi kumfuata mhakiki nyumbani, ninaweza kuandika na hilo," na Léonard akasema, "Najua," na hakurudi nyuma hatua hata moja, "najua, andika kama unataka, lakini nimepanda ngazi zote hizi nikuulize kitu."

Asiulize, Ghislaine alikuwa anaomba dua ya kimoyomoyo bila kujua kwa nini, asiulize, kwa sababu na yeye alikuwa na kosa lake ambalo halijaandikwa popote, faili halina jina la mwandishi, lina namba tu, lakini Jumatano lilipofika mezani kwake aliitazama michoro na kuona nukta zimehesabiwa tano tano, tano, kumi, kumi na tano, kuanzia kushoto, na hakuna mtu katika jengo lile anayehesabu nukta tano tano isipokuwa wawili, mtu aliyefundisha hivyo pale kitivoni na msichana aliyefundishwa, na kanuni inasema wazi, mhakiki akimtambua mwandishi, na kati yao kuna undugu au ugomvi, alirudishe faili siku hiyohiyo, apewe mwingine, na yeye hakulirudisha, alinyoosha mgongo, akafunga mlango, akasema karibu, karibu sana, na akalijenga lile bomba kwa siku mbili kwa raha ambayo hajawahi kuipata kwenye kazi, bomba la mvuke, nene, refu, linaning'inia kutoka kwenye dari kwa hanga ishirini na mbili, kila hanga ni fimbo ya chuma yenye springi ndani ya kopo lake, ili bomba likipata moto liweze kupanda na kushuka bila kujivunja, na akalipitisha kwenye joto, likapita, akalipitisha kwenye tetemeko, likapita, akaanza kuumia moyo, lilikuwa kazi nzuri, lilikuwa safi, aliuona ule mkono wa mwalimu uliomfundisha na akauchukia kwa kuwa bado ni mzuri, kisha Alhamisi saa kumi akalijaza maji, maana kabla kinu hakijawashwa kwa mara ya kwanza bomba la mvuke linajazwa maji pomoni waone kama litavuja, na bomba lililozaliwa kubeba mvuke likijaa maji linakuwa zito kama treni, na kwenye kioo cha kompyuta hanga namba kumi na nne ikageuka nyekundu. Nyekundu kabisa. Akacheka kwa sauti, peke yake, mkono mdomoni, na hakutazama tena kitu kingine, aliandika ule mstari mmoja, akaupeleka, akaenda nyumbani akiendesha gari polepole kwenye barabara za miti za Westville, akisimama kwenye taa za robot za kila njia panda hata zilipokuwa za kijani, mpaka watu wakampigia honi.

"Niambie nilikosea wapi," Léonard alisema, ndilo lilikuwa swali lake, "nimerudia mara nne, dada, tangu jana, mara nne, sioni, nimeanza kuogopa macho yangu, nimeanza kuogopa kichwa changu, zile dosari mbili za kwanza nilipoonyeshwa niliziona, nikasema kweli nimekosea, lakini hii siioni hata nikionyeshwa mstari wake," na upepo ukaja tena kwenye korido, geti likaanza kupiga kwenye fremu yake, pa, pa, pa, lina springi iliyolegea ya kulifunga, lilikuwa linamkera tangu mwanzo wa ugomvi, na Ghislaine bila kufikiri akalisukuma komeo, na geti likatulia. Likatulia kabisa. Upepo ulikuwa uleule, springi ilikuwa ileile, lakini geti halikucheza tena hata kidogo, nguvu yote ilikuwa imeingia kwenye kile kichuma cha komeo, kifupi, kinene, ambacho wala hakikujali, na mkono wake ukabaki juu yake, hapana, alisema moyoni, hapana hapana, na akamwona fundi mmoja wa Kalemie, Papy, kwenye kinu cha kwanza alichopelekwa kutembelea, akipita chini ya bomba na mfuko begani, anachomeka pini za chuma kwenye hanga moja moja kabla maji hayajafunguliwa, kila pini imefungwa utepe mwekundu, akisema kwa kujisifu, mama injenia, springi zimelala sasa, mwaga hata bahari… pini. Kabla ya maji springi zote zinafungwa kwa pini, ndiyo maana hazibebi kitu siku hiyo, uzito wote unabebwa na fimbo na kopo, chuma kitupu, na chuma kitupu cha hanga namba kumi na nne kinaweza kubeba mara mbili ya ule uzito na kulala usingizi, na kwenye kompyuta kuna kisanduku kidogo, upande wa kulia, cha kutia tiki, pini zipo au hazipo, na akajaribu kuuona mkono wake wa Alhamisi saa kumi ukitia ile tiki, akajaribu tena, akaona kisanduku kitupu, cheupe kama jino. Alikuwa amezijaza maji springi zilizo wazi. Kosa hilo hufanywa na watoto wa wiki ya kwanza, yeye ndiye anayewafundisha wasilifanye, anawachorea ubaoni, anawatania, na alilifanya kwa sababu alipoona nyekundu hakutaka kujua zaidi.

Kwa hiyo Léonard hakuwa amekosea. Mawazo yalikuja polepole, kama mtu mzito anayepanda ngazi, ghorofa ya kwanza, hakukosea, ghorofa ya pili, hajui kwamba hakukosea, ghorofa ya tatu, haonyeshwi mahesabu yangu mpaka akatae, na hatakataa, mtazame, amekwisha… "Mara nne?" alimwuliza, na sauti yake ikamshangaza, ilikuwa kavu, na Léonard akasema, "Mara nne, pini ninazo, joto ninalo, uzito wa maji ninao, kila kitu ninacho," na lile neno pini likapita kati ya vyuma vya geti na kumpiga Ghislaine usoni, alilitaja, alilitaja kama mtu anayetaja viatu alivyovaa, hakusimama juu yake, kwake pini haikuwa jambo la kuuliza, na Ghislaine akajikuta ameubana ulimi kwa meno, kwa sababu neno moja tu, neno lolote, hata eh, na mzee huyu angegeuka na kushuka ghorofa sita akikimbia kama kijana. Nyamaza. Ukinyamaza atasaini, akisaini hakuna atakayefungua chochote, Steve hatajua, Félicité hatajua, kinu hakitadhurika, wataweka hanga kubwa zaidi pale kumi na nne, basi, chuma kimezidi, chuma kikizidi nani ameumia… na papo hapo ile sehemu ya kichwa chake ambayo hailali ikajibu bila kuulizwa, springi kubwa ni ngumu, siku kinu kitakapowaka bomba litataka kushuka nayo haitaliachia, itabaki inalisukuma juu, kila siku, kidogo kidogo, na msukumo ule utakwenda kuumia penye mdomo wa tangi la mvuke, ndipo utakapoumia kwanza, na akaiambia ile sehemu nyamaza na wewe, ni kidogo mno, nitauhakiki tena baadaye, nitapata njia, na akajisikia akisema hivyo, nitapata njia, na akajiuliza ni sauti ya nani. Alitaka hasira yake irudi. Aliitafuta kama mtu anavyotafuta funguo kwenye mkoba, ile chai isiyomwagika, kile kidevu cha kwenye lifti, miaka minane ya vichwa, vyote vilikuwepo, hakuna kilichopungua, alimchukia kama alivyomchukia dakika tano zilizopita, lakini dakika tano zilizopita chuki ilikuwa imesimama juu ya hesabu, na sasa hesabu haikuwepo, chuki ilikuwa inaning'inia tu. Na angalau yeye Léonard alisema uongo kwa kuogopa njaa, yeye Ghislaine anaogopa nini, ana meza, ana jina mlangoni, ana gari, wa kumfukuza nani… si kweli, wapo, Jumatatu juu ya meza kubwa, mbele ya Steve, kisanduku kitupu, mhakiki aliyemtambua mwandishi na hakulirudisha faili, saini ya nani itafutwa hapo, Ghislaine, hebu hesabu na hilo. Kwa hiyo anaogopa. Akaliona wazi, akalichukia kuliko alivyomchukia Léonard, alikuwa amesimama nyuma ya kioo, ameshika kikombe, na kuna mtu nje kwenye kiti cha plastiki anamtazama mdomo. "Mudogo yangu," Félicité alisema, na sasa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa begani, hakuwa anacheka tena, "mbona unanyamaza hivyo, mujibu basi, mufukuze ama mufungulie, sombe inaungua," na Ghislaine hakugeuka, mkono ulikuwa bado juu ya komeo, hakuweza kulirudisha wala kuliachia, na mdomo ulikuwa umefunguka na bado hakujua ni neno gani lilikuwa linapanda, akaona tu Léonard ameikunjua ile karatasi yake, mara moja, mara mbili, mara nne, anaibana juu ya ukuta wa korido kwa kiganja ili upepo usiichukue, anapapasa mfuko wa shati, hakuna kitu, mfuko wa suruali, hakuna kitu, kisha akaingiza mkono mtupu kati ya vyuma vya geti, kiganja juu, na akasema, "Basi, kama umehesabu wewe, nimekosea mimi. Nipe kalamu, nisaini."